Kile Munganga Hakufanya

Mwenye kuharibu mugongo yangu namutaja wazi: ni munganga wa kliniki moja ya Bel-Air. Jina yake naacha, yeye mwenyewe anajijua. Kila nilipoenda, aliandika bila kuinua kichwa: "Papa, wewe unachomelea milango. Bote benye kuchomelea banaumwa mugongo." Sindano, vidonge, rudi nyumbani. Kaka yangu mukubwa naye akasema ni uchawi wa kwa bakwe. Hao ni wawili. Sibasahau.

Miguu ikaanza kunikataa. Mama watoto akanishika mukanda, akanipeleka ku kituo ya afya ya Kasungami. Munganga wa pale alikuwa dada kijana, bado anajifunza. Akasoma makaratasi ya Bel-Air, akaandika dawa ile ile. Nikatoka na hasira ile ile.

Kisha akanitumia neno: "Papa, tafazali urudi siku ya Alhamisi. Nataka benzangu bakuone."

Benzake ni banganga vijana benye kujifunza kutunza familia nzima, mutoto mpaka babu. Kila Alhamisi banakutana mu chumba ya chanjo, banakaa ku mabenchi mafupi ya bamama, chini ya mizani ya kupimia batoto. Mwalimu wao anakaa ku kona na karanga mu karatasi. Sheria yake: hawezi kusema mpaka karanga ziishe, basaidiane bao benyewe. Na sheria ingine: mwenye kuleta mugonjwa anaanza na kile hakufanya.

Nilifika na sandale moja. Ile ingine ilitoka mu njia, muguu haukusikia kitu.

Yule dada akasimama. "Kile sikufanya: sikumuvulisha Papa shati. Nilisoma makaratasi ya mwenzetu, nikaandika kama yeye."

"Kumbe ulitunza karatasi, si mugonjwa!" mumoja akasema. Bakacheka.

"Cheka, docteur. Alhamisi ingine ni zamu yako."

Mimi sikucheka. Nilitaka kusimama nibatukane bote, lakini magoti yakakataa. Nikabaki pale, na moyo ukaniuliza: tangu ugonjwa huu uanze, nani mwingine alikuambia alikosea? Hakuna.

Yule mwenye kucheka akainama mbele yangu. "Papa, sandale ingine iko wapi?"

"Mu njia. Mama watoto ndiye aliona."

Hakucheka tena. "Na usiku, jasho?"

"Shuka inalowa kama imefuliwa."

Akamuangalia yule dada. "Sasa fanya kile hukufanya."

Nikavua shati. Mukono ya dada ilikuwa baridi. Vidole vikashuka pole pole, mufupa kwa mufupa, halafu vikasimama. "Hapa," akasema. "Mufupa umetoka inje." Wengine bakakuja, kila mumoja na mukono yake. Mwalimu akaacha kutafuna. Karanga zilikuwa bado nyingi. Akasimama.

"Miguu hii haingoji kesho. Apigwe picha leo."

Picha ikaonyesha: tuberkilozi, ile kifua kikuu, ilikuwa inakula mufupa wa mugongo. Nikabisha, "Mimi sikohoi!" Yule dada akanijibu, "Papa, ugonjwa huu unajua kukaa hata mu mufupa. Ungechelewa, ungebaki ku kitanda." Lakini dawa yake iko, akasema.

Nililala mu kitanda ngumu, nikameza vidonge miezi mingi, mukojo mwekundu kama divai sababu ya dawa. Halafu asubuhi moja nikashusha miguu, na saruji ikaniuma kwa baridi. Baridi! Nikaita mama watoto kwa sauti mpaka majirani bakatoka. Alinikuta nalia, nikisugua nyayo chini kama mutoto.

Nilipopona nikaenda Bel-Air kwa miguu. Yule munganga alikuwa anaandika. "Tena mugongo?"

"Hapana, docteur. Nimekuletea mugongo uweke mukono." Nikavua shati.

Akainua kichwa, akaangalia mugongo yangu kidogo, mukono ukabaki ku meza. "Vaa, Papa. Bantu banangoja."

Nikavaa. Sikumusamehe, na leo bado. Lakini ku mulango nilisimama kukaza sandale, ya kuume na ya kushoto, nikasikia kila mukanda unanibana. Nikarudi nyumbani polepole, kwa raha tu ya kukanyaga.