Bitana Nyeupe

Kwa muda mrefu nilikosa usingizi kwa sababu ya komeo la geti. Nililifunga, au sikulifunga?

Kama sikulifunga, basi mama mmoja aliingia uani kwetu mchana, tukazungumza, akaenda zake, na mimi sina kisa cha kukusimulia. Kama nililifunga, basi sijui aliingilia wapi. Utasema msichana aliyemaliza chuo akakosa kazi huanza kuona mambo. Nimejiambia hayo kabla yako. Nimejiuliza kama nilikuwa na homa, kama nilisinzia, kama ni joto tu. Lakini haya yalitokea, hapa Garissa, nyumbani kwetu mtaa wa Waberi, na niamini, ningefurahi sana kama yangekuwa ndoto.

Ayeeyo, ndivyo tunavyomwita bibi, alikuwa fundi wa nguo za wanawake. Kila nguo aliyoshona iliacha kipande, na kila kipande kiliingia kwenye sanduku lake la bati: mabaki ya baati za kuvaa nyumbani, ya dirac nyepesi za harusi, ya sare za shule, hata ya mapazia. Hakutupa kitu. Dada yangu Hodan alipozaliwa, Ayeeyo alianza kumshonea mfarishi wa viraka kwa mkono, wa kumpa siku atakapoolewa. Akaushona siku ambazo wateja walikuwa haba, akauacha, akaurudia, akauacha tena. Macho yakachoka kabla ya kazi kwisha. Alipofariki, mfarishi ulikuwa umekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki, una mapengo katikati, na hauna bitana.

Hodan alipoposwa, mama alisema mbele ya shangazi zangu wote kwamba nitaumaliza mimi, kwa kuwa ndimi niliyekaa bure. Shangazi mmoja akauliza, "Kwani digrii inashona?" Wakacheka. Nami nikacheka, kisha siku nzima nikawa nawaza kile kicheko kilimaanisha nini.

Kushona nilijua. Ayeeyo alinifundisha cherehani nikiwa mdogo, miguu haijafika vizuri kwenye pedali. Nikalifungua sanduku, nikaanza kupanga rangi. Chini kabisa, ndani ya shash kuukuu ya kichwani iliyofungwa fundo, nikakuta kitambaa cheupe cha pamba, vipande vitano vya ukubwa tofauti, havijakunjwa pindo. Vilinukia uunsi, ule ubani wetu wa nyumbani. Nikaona wazi kabisa: Ayeeyo alikuwa amekwisha kukata bitana, akakosa tu muda wa kuishona. Nikamshukuru Mungu kwa kunirahisishia kazi.

Vile vikubwa nikaviunga vikawa bitana. Kile kidogo kuliko vyote nikakikata pembetatu, nikazipachika kwenye mapengo katikati ya rangi. Ulipendeza. Nilikuwa sijamaliza jambo lolote kwa muda mrefu, nami nikawa nasimama mbali nikiutazama.

Najua unachotaka kuuliza. Msichana wa Kiislamu, vipande vitano vyeupe visivyo na pindo, hukutambua? Sikutambua. Sijawahi kuingia chumba anachooshewa maiti. Ayeeyo alipofariki nilikuwa chuoni katikati ya mitihani, na kwetu maiti hailali. Nilipofika nyumbani alikuwa amekwisha kuzikwa.

Siku ya yule mgeni, mama yangu alikuwa kwa dada yake, na Hodan amekwenda kupakwa hina. Adhuhuri ilikuwa imepita. Unaijua saa ile, mji mzima umelala: maduka yamefungwa, tuk-tuk zimeegeshwa chini ya miarobaini, miguu ya madereva imechomoza nje. Nikiwa peke yangu mimi hufunga geti, hurudi, hulivuta komeo nione kama limeshika. Siku hiyo nakumbuka nililivuta. Au nakumbuka siku nyingine?

Nilikuwa barazani, nikashona kingo za mfarishi mpaka uzi wa chini ukaisha. Nilipoinua mguu kwenye pedali, cherehani ikanyamaza, na yeye alikuwa amesimama pale, karibu yangu.

Hakutoa salamu. Kwetu hata mtu mliyegombana naye hutoa salamu. Nikaitoa mimi, na hakuitikia. Alikuwa mama mtu mzima, wa rika la Ayeeyo, mrefu, mtandio wake, garbasaar, umelowa na kumganda mabegani. Garissa haikuwa imenyesha hata tone. Mikono yote miwili ameiweka juu ya kichwa, kama mtu anayejikinga jua, na hali alikuwa kivulini.

"Amina yuko wapi?" akauliza. Hilo ndilo jina la Ayeeyo.

Nikamwita shangazi kwa heshima: "Eeddo, Ayeeyo alifariki."

"Ndiyo. Nimemwona."

Nilidhani alimaanisha alimwona kabla ya mazishi. Ningedhani nini kingine?

"Nimekuja kuchukua amana yangu," akasema. "Nguo nyeupe. Aliniambia hata asipokuwepo nitaikuta chini ya sanduku."

Nguo yenyewe ilikuwa mapajani mwangu. Nikasema lile ambalo mtu mwoga husema: mama hayupo, eeddo, labda uje akiwepo. Alishusha mkono mmoja, akashika ukingo wa mfarishi, akaugeuza, akaona upande wa chini. Kisha akaugeuza tena upande wa viraka, akaanza kuzigusa zile pembetatu, moja baada ya nyingine, polepole, kama mtu anayepapasa uso wa mtoto gizani.

"Cha kichwa umekikata," akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. "Sasa nitafunika kichwa na nini?"

Nikamwambia nitamnunulia kingine, hata leo, maduka yakifunguliwa.

"Ninakokwenda hakuna duka."

Mkasi ukaniponyoka. Nikainama kuuokota, nikainuka, hayupo. Sikusikia hatua wala geti. Nikakimbia getini. Komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani. Ila sasa jiulize nami: je, nililikuta limefungwa, au nililifunga mwenyewe kwa woga wakati ule, mikono ikitenda kabla ya akili? Hilo ndilo nililokuwa nikiligeuzageuza kitandani. Kwenye mfarishi palikuwa na alama ya kiganja, tope jekundu, bichi. Niliiosha kwa sabuni upesi. Ikapauka, haikutoka.

Jioni mama alirudi amevimba macho. Mto ulikuwa umefurika kwa mvua za huko bara, akasema, na siku iliyotangulia maji yalikuwa yamemchukua Khadra wa Balambala, alipokuwa akiwatoa mbuzi wake shambani kando ya mto. Bado hajapatikana. Huyo Khadra alikwenda Hija pamoja na Ayeeyo. Wote wawili walinunua sanda zao huko huko, wakazisuuza kwa maji ya zamzam, kama wazee wetu wengi wanavyofanya. Lakini nyumba ya Khadra ilikuwa karibu na mto, mchwa na mafuriko havikumwacha na kitu, kwa hiyo sanda yake akaiweka kwa rafiki yake wa mjini. Ayeeyo alizikwa na yake.

"Na ya Khadra iko hapa hapa kwetu," mama akasema, akifuta machozi. "Chini ya sanduku. Akipatikana tu, niipeleke."

Akaenda kulifungua sanduku. Nikamfuata, nikamweleza yote, toka lile fundo la shash mpaka kile kiganja. Mama alikaa sakafuni, akaugeuza mfarishi, akautazama. Hakuniambia ninasema uongo. Afadhali angeniambia.

"Hooyo, sikiliza," akasema. Hooyo ni mama, na mama zetu hutuita kwa jina lao wenyewe. "Ayeeyo aliimaliza nuru ya macho yake kwenye kitu hiki. Wakwe wameshaambiwa. Ukivuta bitana sasa, kazi yake yote itafumuka mikononi mwako. Nitanunua nguo nyingine, nitampelekea Sahra, binti yake. Nyeupe ni nyeupe."

"Si ile, hooyo."

"Na Hodan asijue."

Nikaitikia. Lakini usiku nilikuwa naihesabia dari makosa yangu. Nikifumua, ninaharibu kitu cha mwisho alichoshona Ayeeyo, na harusi imekaribia. Nisipofumua, dada yangu atalala ndani ya sanda ya mtu, na mwenye sanda anatembea amejishika kichwa. Tena, kama nilisinzia tu, nitakuwa nimeharibu kwa ajili ya ndoto. Lakini mtu huota jambo asilolijua? Mimi sikujua kuwa ni sanda. Sikujua kuna Khadra. Kila siku niliuliza kama amepatikana, na kila siku mto ulikuwa haujamtoa.

Mwishowe nilichoka kufikiri. Mchana mmoja, saa ile ile, nikakaa barazani na wembe, nikaanza kufumua.

Hodan ndiye aliyenikuta, mikono imejaa hina mpaka kwenye viwiko. Ilibidi nimwambie. Alinitazama kama mtu anayetazama chakula kilichoingia nzi.

"Abaayo, dada yangu, yaani mlitaka nilale na mume wangu juu ya sanda?"

"Mama alisema..."

"Mama alale nayo yeye. Nipe wembe."

Tukafumua pamoja. Mama alipofika aliona nyuzi zimetapakaa, akasimama, kisha akavua viatu, akaketi, akaanza kunyoosha vile vipande vyeupe kwa kiganja.

Vile vikubwa vilitoka salama, ila vitundu vya sindano. Cha kichwa nilikiunga upya, pembetatu kwa pembetatu. Moja haikuonekana. Tulipekua sanduku, mifuko, chini ya mikeka. Haikuwepo. Nikachukua hijabu nyeupe yenye uzi wa fedha ukingoni, niliyoivaa siku ya mahafali yangu, nikakata pembetatu ya kipimo kile, nikaziba.

Mimi na mama tukaipeleka sanda Balambala. Sahra alikuwa mwanamke mkimya, ana mtoto mgongoni. Nilipoanza kueleza, sikufika mbali.

"Amejishika kichwa?" akaniuliza.

Alikuwa amemwona pia, kwenye zizi la mbuzi, mchana, amesimama hivyo hivyo. Alikwenda kwa sheikh. Sheikh akamwambia aliyekufa maji ni shahidi, Mungu amempokea, hahitaji kitu kutoka kwetu, na sanda yake apewe maiti mwingine asiye na uwezo.

"Sheikh amesema kweli," Sahra akasema. "Lakini sheikh hakumwona."

Tukashuka mtoni na ile sanda, sisi watatu. Maji yalikuwa ya rangi ya chai, yamebeba matawi. Nilifikiri kama tunafanya israfu, kama tunafanya dhambi, kama kuna mtu anatuona. Sahra akavitia vipande kimoja kimoja, na kila kimoja kikaelea, kikazunguka, kikachukuliwa na mkondo kuelekea Garissa. Cha kichwa akakitia mwisho. Hicho hakikuchukuliwa. Kilikaa pale pale mbele yetu, mkondo ukipita pande zake, kisha kikashuka chini mara moja, kama nguo inayovutwa kutoka kwenye kamba. Mama alinishika mkono mpaka kucha zikaniingia.

Harusi ikapita. Hodan alikwenda na mfarishi usio na bitana, mapengo nimeyaziba kwa vitambaa vingine. Anasema ni mwepesi, unafaa joto letu. Ile alama ya kiganja bado ipo, pembeni. Hatuizungumzii.

Nilidhani yamekwisha. Kisha siku moja, nikitia mafuta cherehani, nikaiona pembetatu iliyopotea, imenasa chini ya pedali. Ndogo, nyeupe, ina vumbi. Basi hapo mawazo yalirudi yote. Yake ninayo mimi, na yangu anayo yeye, kichwani. Mtu aliye hai ana kipande cha nguo yake kwa maiti: hilo lina maana gani? Nani wa kumwuliza bila kuchekwa?

Sikumwuliza mtu. Mama alikuwa msibani mtaa wa pili. Nikatoka, nikalifunga geti kwa kufuli kwa nje, ufunguo nikautia mkobani, nikashuka mpaka ukingo wa Tana. Nikaitia ile pembetatu majini, nikageuka. Sikungoja kuona kama inaelea.

Niliporudi, kufuli lilikuwa kama nilivyoliacha. Nikalifungua, nikaenda moja kwa moja barazani. Juu ya cherehani, imenyooshwa vizuri, palikuwa na pembetatu ya hijabu yangu. Imelowa. Nilijua ni yangu kwa ule uzi wa fedha ukingoni.

Alichokuwa nacho kisicho chake, alikirudisha.

Basi nawe, ukiwa na sanduku la marehemu nyumbani, na umepata hamu ya kutumia vitambaa vilivyolala humo, tafadhali, weka mkasi chini kwanza. Uliza. Kilichofungwa fundo kina mwenyewe, hata kama aliyekifunga hayupo wa kukueleza. Usifanye kama nilivyofanya mimi, nikashukuru kabla ya kuuliza.

Jioni ile ile nilimwaga sanduku lote uani, nikawaita wanawake wa mtaa. Walikuja, wakachagua kila mmoja mabaki ya nguo yake, wengine wakilia, wengine wakichekana kwa mitindo ya zamani. Shangazi yule aliyeuliza kuhusu digrii alipata kipande cha dirac ya harusi yake, akakitia kifuani. Vichache havikupata mtu. Nimevikunja, viko juu kabisa, havina fundo.

Na komeo, silifungi tena mchana. Nikisikia mtu anaingia saa ile, nainua mguu kwenye pedali, namtolea salamu mimi kwanza, halafu nangoja aitikie.