Kuitafuta Talaka ya Baba Yangu

Siku ya posa ya mdogo wangu, ami yangu alikula akashiba, akanawa mikono, ndipo akalisema neno lile.

Wageni walikuwa wametoka Kinango: baba wa kijana, ndugu zake wawili, na kijana mwenyewe aliyekaa na kofia mapajani, hana la kufanya na mikono yake. Walikuwa wafuga ng'ombe. Walikuja kumposa kitinda mimba wetu, msichana niliyemlea tangu hajajua kutambaa. Baba yetu alitangulia, na mama akamfuata kabla mwaka haujageuka. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Nilitoka shule nikiwa standadi ya nne, nikapanda juu ya mapaa kuezeka makuti, na kazi hiyo ndiyo iliyotulisha. Ndugu yangu wa kiume alipopata nguvu alikwenda bandarini Mombasa, tukabaki wawili nyumbani karibu na Msambweni, mimi na kitinda mimba.

Ami alikuwa mdogo wa baba. Kilichomkera ni kwamba posa ililetwa kwangu, haikupita kwake. Kwa sheria yetu, ndugu wa baba mmoja humtangulia ami katika kumwoza msichana, na mwalimu wa chuo cha Kurani alikwisha kunieleza hivyo. Lakini sheria ni sheria, na heshima ni heshima.

"Kinango!" alisema ami, akijichokoa meno. "Huko watu huoga siku ya mvua. Utakunywa nini, mwanangu? Vumbi?"

Mdogo wangu alikuwa nyuma ya pazia. Sauti yake ikatoka taratibu, yenye adabu zote.

"Nitakunywa maziwa, ami."

Wageni walicheka mpaka yule kijana akaangusha kofia. Ami hakucheka. Alisimama, akavaa viatu vyake mlangoni.

"Basi mwozeni mpendavyo," akasema. "Kwani huyo ni wetu? Mama yake aliachwa, akakaa kwao mpaka eda ikamalizika, akarudi pasi na nikaha. Ndipo akazaliwa huyo."

Akaenda zake. Nyuma ya pazia sikusikia kitu tena, hata bangili.

Kwa msomaji asiyezijua sheria zetu, neno lile lilikuwa zito hivi. Mwanamume akitoa talaka moja, mkewe hukaa eda, yaani siku za kungoja, kama miezi mitatu. Ndani ya eda mume aweza kusema "nimemrejea," na ndoa ikawa ile ile. Eda ikipita, hana budi kumwoa upya. Kama ami alisema kweli, basi mdogo wangu hakuwa binti wa baba yetu kisheria, na mimi ningekuwa ndugu yake wa tumbo tu. Nisingeweza kuwa walii wake, mwenye haki ya kumwoza. Kadhi ndiye angemwoza, kama anavyoozwa asiye na mtu.

Baba wa kijana aliniaga kwa upole. "Sisi hatujaghairi," alisema. "Ila neno limesemwa mbele ya watu. Lisafisheni kwanza, mwanangu, asije akalibeba yeye na watoto wake."

Mdogo wangu hakulia mbele yangu. Aliosha vyombo vyote, kisha akaniuliza akiwa amenipa mgongo, "Kaka, mimi ni nani?"

Nilimwambia ni mdogo wangu. Akasema hilo analijua.

Nilikumbuka kidogo tu. Nilikumbuka nikiwa mtoto tukienda Munje kwa bibi, mama amembeba ndugu yangu mgongoni na mimi nimeshika ncha ya leso yake. Tulikaa huko sana. Mahindi yalikuwa mafupi tulipofika, na tuliporudi kwa baba yalikuwa yamekwisha kuvunwa. Hilo halikunisaidia, lilimsaidia ami. Neno talaka sikulisikia utotoni hata mara moja.

Nikapanda Kwale, kwenye korti ya kadhi. Ilikuwa miaka ile bendera mpya haijafifia bado. Mamudiri wa zamani, wakuu wa serikali ya pwani, walikuwa wameondolewa pamoja na utawala wa Sultani, na vitabu vyao vilirundikwa kwa kadhi ndani ya masanduku ya mbao. Nilikuta watu barazani, wengi wao wanawake. Mmoja, mnene, mwenye buibui lililopauka, alinisogezea nafasi kwenye benchi.

"Umekuja kuacha au umeachwa?" akaniuliza.

"Sikuja kwa hayo, mama. Natafuta talaka ya baba yangu."

"Salaale! Baba yako anaacha wake hata uzeeni?"

"Ameshakufa."

"Ah, basi Mungu amrehemu. Wangu mimi yu hai, anakula vizuri, anavaa vizuri, ila hataki kunilisha wala kuniacha. Leo kadhi atamchagulia moja." Akajipepea kwa ncha ya buibui. "Na ukiipata hiyo ya baba yako, waulize kama wana nyingine ya ziada."

Karani alikuwa mtu mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Nilimwamkia, nikamweleza. Aliandika jina la baba, akatikisa kichwa.

"Jina hili na jina la babu yako ni ya nusu ya pwani. Alikuwa akifanya kazi gani? Mkewe alikuwa wa wapi?"

Nikamwambia: mpasuaji mbao, na mama ni wa Munje. Aliniacha nimsaidie kufungua masanduku. Vitabu vilinuka panya na wino, vimeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, nami chuoni nilisoma vya kutosha kuzifuata. Nilipitisha kidole juu ya ndoa za watu na kuachana kwao. Huyu kamwacha mkewe kwa sababu ya ulimi. Huyu kaja kudai sufuria. Huyu kaacha na kurudi na kuacha tena, mpaka mudiri wa wakati huo kaandika pembeni, "Apumzike." Nilicheka peke yangu. Sikuwa nimefikiri kwamba mahali pale pangeweza kunichekesha.

Tulirudi kwenye kazi hiyo siku ya pili yake, na alasiri karani akaniita kwa kidole. Alikuwa ameiona. Baba yangu, mpasuaji mbao, kamwacha mama yangu wa Munje, talaka moja. Sababu haikuandikwa, na mpaka leo siijui. Nilitazama jina la mama kwa muda. Sikuwahi kuliona limeandikwa popote.

"Moja," alisema karani. "Si tatu. Mshukuru Mungu kwa hilo."

"Na rejea iko wapi?"

Akafunua kurasa zilizofuata, akarudi nyuma, akafunga kitabu. "Hamna. Lakini usishtuke. Watu wakigombana huja hapa, hata jua la saa saba. Wakipatana hupika wali wakala kwao, wakatusahau. Nenda ukatafute waliokula."

Maneno hayo nilitembea nayo njia nzima ya kuteremka. Waliokula. Kabla sijafika nyumbani nilimkumbuka samaki.

Alikuwa kolekole mkubwa, ametungwa kwenye kamba, na mkia wake uliburura mchanga mlangoni mwa bibi. Mimi niliufuata ule mkia kwa sababu ulichora mstari. Aliyemshika alikuwa mtu wa Funzi, rafiki wa baba tangu ujana, na bibi alimpokea kwa vigelegele. Na mahindi siku ile yalikuwa bado hayajazaa. Nilikuwa na hakika, maana mstari wa ule mkia niliuendeleza kwa kijiti mpaka kwenye miche iliyonifika kifuani.

Nilivuka kwenda kisiwani Funzi. Mzee yule alikuwa hai, kapungua meno, anakuna nazi mbele ya nyumba yake kwa kuwa mkewe aliugua mkono. Niliposema "Shikamoo" alinitazama, akasema "Marahaba, mwana wa mpasua mbao," nami sikuwa nimejitambulisha.

"Kwani hamjui?" alisema nilipomaliza. "Baba yako alijuta kabla mwezi haujaandama. Aliniita, akasema mbele yetu, 'Nimemrejea mke wangu, kamwambieni.' Tukaenda na samaki. Mama yako alisema amekubali, ila dada yake hajiwezi, atamwuguza kwanza. Ndiyo akakawia."

"Mbele yenu? Mlikuwa nani na nani?"

Akaacha kukuna. "Mimi na ami yako."

Niliporudi sikwenda kwa watu kusema. Nilikwenda kwa ami jioni ile ile, nikamkuta anarekebisha bawaba ya mlango. Nilimshikia ubao. Msumari wa kwanza ulipoingia, nikamwambia kwamba mzee wa Funzi atakuja Kwale siku ya Jumatatu, na kwamba namwomba naye aje.

"Nije nifanye nini?"

"Uje usikilize, ami. Ukisikia uongo, ukatae."

Alipiga msumari ukapinda. "Umeniita sasa," alisema. "Siku ya posa hukuniita."

"Leo nakuita."

Akaung'oa ule msumari, akatafuta mwingine. Jumatatu asubuhi sikujua kama atakuja. Mdogo wangu alifuatana nami. Tulikwisha kuingia ndani ndipo ami akatokea, kanzu imepigwa pasi, akakaa mbali nasi.

Kadhi alikuwa mtu wa sauti ndogo. Kitabu kilikuwa wazi mbele yake. Mzee wa Funzi alitoa ushahidi wake tangu kolekole mpaka maneno ya mama. Kisha kadhi akamgeukia ami.

"Unatajwa kuwa ulikuwepo."

"Bwana Kadhi, nilifuatana naye," alisema ami. "Lakini ni zamani. Mimi nilikaa nje. Yaliyosemwa ndani siyajui."

"Ulikaa nje wewe?" Mzee wa Funzi aliinuka nusu. "Bwana Kadhi, nisamehe. Huyu alikaa ndani kuliko mwenye nyumba! Tuliletewa wali na kipande cha samaki yule yule, akala, akamaliza, akamwita mama mkwe wa kaka yake akamwomba ukoko! Mimi nilitamani ardhi inimeze. Mjumbe wa heshima, anakwangua sufuria!"

Karani aliinamisha uso juu ya karatasi zake. Mabega yake yalitikisika. Nilimwangalia ami, nikaona mdomo wake unapigana na nafsi yake, kisha ukashindwa. Alicheka. Alicheka mpaka akafuta macho kwa mkono wa kanzu, na alipoacha kucheka aliendelea kufuta.

"Ulikuwa ukoko mzuri," alisema. "Bibi yule alijua kupika."

Kadhi alingoja. Kisha akauliza kwa sauti ile ile ndogo kama yuko tayari kushika msahafu na kusema alichosikia.

"Hakuna haja ya kunishikisha, lakini nitashika. Kaka yangu alisema amemrejea. Nilisikia kwa masikio yangu, nikalifikisha neno kwa kinywa changu, na mahindi yalikuwa mabichi. Eda ilikuwa haijamalizika." Akageuka kumtazama mdogo wangu. "Nilikasirika, mwanangu. Neno lilinitoka, kisha nikaona haya kulirudisha."

Mdogo wangu alisema, "Marahaba," neno la mkubwa kumjibu mdogo, na sijui kama alikosea au alikusudia. Ami alilipokea.

Kadhi alimwamuru karani kuandika. Pembeni mwa talaka ya baba, kwa wino mweusi mpya, ikaandikwa rejea yake, na majina ya mashahidi wawili. Mzee wa Funzi alitaka asomewe mara mbili. Barazani nilimkuta tena yule mama wa buibui lililopauka. Aliniuliza kama nimepata, nikasema nimepata. "Mimi pia," alisema, na akaionyesha karatasi yake kama mtu anayeonyesha kitambaa kipya.

Ndoa ilifungwa kabla ya mvua za masika. Ami alikaa kuliani kwangu, na kilemba alichovalishwa na watu wa Kinango kilikuwa kikubwa kuliko kichwa chake. Nilipopewa mkono wa kijana niushike, mikono yangu ya makuti ilikuwa na ukavu ambao hata mafuta ya nazi hayakuuondoa, nami niliogopa kwamba sauti itanikatikia. Ami akanigusa goti.

"Sema," alininong'oneza. "Taja jina la baba yake."

Nikalitaja. Nilimwoza mdogo wangu, binti wa baba yangu, na nikalitaja jina hilo kwa sauti iliyofika mpaka kwa wanawake uani. Huko vigelegele vilianza kabla kijana hajamaliza kujibu.