Tarehe Niliyoirudisha Nyuma

Tangu Neema ahamie Matai, tunaongea kupitia tovuti ya shule tu, maana mimi sina simu. Juzi simu yake ikaigomea: cheti cha usalama cha tovuti kimeisha muda. Mimi, fundi wa kujipachika, nikajitolea kurekebisha programu inayohuisha vyeti. Ikanishinda. Nikairudisha nyuma tarehe ya kompyuta ya maabara ili ione cheti bado kizima. Tovuti ikafunguka! Nikaazima simu ya mwalimu, nikaweka spika, darasa zima lisikie ushindi.

"Neema, jaribu sasa."

"Bado inagoma."

Mwalimu akachungulia kompyuta. "Umeidanganya hii tu, simu yake ina tarehe yake. Na wiki moja nyuma ingetosha. Mbona umeenda mpaka Machi?"

Mshikaji wangu Beno akadakia, "Mwalimu, Machi si ndipo Neema alipokuwa bado anakaa na huyu dawati moja!"

Na simu nilikuwa sijaikata.