Senene wa Mama na Mapinduzi ya Haiti

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya misheni Kituntu, mtu wa Muleba aliyekuja Karagwe na sanduku moja la vitabu na mdomo usiochoka. Aliyajua mapinduzi ya Marekani na ya Ufaransa, lakini aliyoyapenda ni ya Haiti. Watumwa wa kisiwa kile, alituambia, walilima miwa na kupika sukari ya kuwalisha Wazungu ng'ambo, na wengine wakafungwa chuma mdomoni wasije wakaonja. Siku moja wakakataa. Wakawafukuza mabwana, wakalishinda jeshi la Ufaransa, wakajitawala. Hapo baba husimama, mkono juu, utadhani panga alilishika yeye. Nilimpenda sana akiwa hivyo, hata kama matoke yalikuwa yanapoa.

Mwaka ninaoukumbuka, vita kuu ya pili ilikuwa imekwisha, senene, wale panzi wa kuliwa, walikuja wengi, na mama alikuwa mja mzito. Kwetu kukamata senene ni kazi ya wanawake. Mama na mimi tuliwaokota alfajiri kwenye nyasi zenye umande, tukashinda tukiwachambua mabawa na miguu mpaka vidole vikawa kijani. Kula ni kwa wanaume. Mume humshukuru mkewe kwa kitambaa cha gauni, na baba hakukosa kununua hata msimu mmoja. Mwanamke akila, wazee walisema, atazaa mtoto mwenye kichwa kilichochongoka kama cha senene.

Mimba ile ilimtia mama hamu. Nilimwona akiinamia kikaango, amefumba macho, anavuta harufu, kisha anameza mate. Roho iliniuma.

Mchana huo baba alikula senene wale huku akisimulia Haiti yake. Alipofika kwenye chuma cha mdomoni, nikamkatiza.

"Tata, mama amekamata, amechambua, amekaanga. Mbona yeye haonji?"

Baba aliacha kutafuna. Alimtazama mama, akalitazama tumbo lake.

"Kwangu mimi angekula," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Lakini mtoto je? Likitokea la kutokea, nitajisamehe vipi?"

Hakuwa anatafuta kisingizio. Baada yangu mimi, mimba mbili zilikuwa zimeharibika, na ile ya tatu aliiogopa mno. Hata ndoo ya maji alimnyang'anya mama njiani, watu wakamcheka.

Mama alikuwa ameketi kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni. Alijifuta mikono taratibu.

"Mwalimu," alisema, maana ndivyo alivyomwita, "mimi nilishakula. Nilikula msimu mzima, nilipokuwa na mimba ya huyu." Akaninyooshea kidole. "Zile mbili zilizoharibika, sikuonja hata mguu wa senene."

Baba alinivuta karibu. Akanipapasa kichwa kuanzia utosini hadi kisogoni, polepole, kama mtu anayechagua boga. Kichwa changu ni cha mviringo mpaka leo. Shuleni waliniita Chungwa.

"Na kitambaa changu ukapokea," alimwambia mama.

"Nikashona na gauni."

Baba alicheka hadi akajifuta machozi. Kisha akaisogeza sahani mbele ya mama, na mama akala wote, hakumbakizia hata mmoja.