Siku Niliyomkaba Dada Yangu

Nilizaliwa Kisoko, wilaya ya Tororo, upande wa Uganda, lakini mpira niliujulia Busia ya Kenya, nyumbani kwa mama mdogo. Kila shule ilipofungwa mama alinipeleka huko nikasaidie kuanika omena, dagaa wale ambao sisi Tororo tunawaita mukene. Mama mdogo alikuwa na binti wa rika langu. Kwetu mtoto wa mama mdogo ni dada, basi.

Tukimaliza kuanika tulikimbilia kiwanja cha kanisa, nyuma ya foleni ya malori. Madereva waliochoka kusubiri kuvuka walikaa ukutani wakitutazama. Dada alikuwa fundi. Akipokea pasi huku lango likiwa mgongoni kwake, alijifanya hana haraka, kisha akageukia kushoto, nawe ukabaki na vumbi lako. Mimi sikuwa na madoido. Kazi yangu ilikuwa kumkaba, na kwa kumkaba yeye likizo baada ya likizo, nikawa kiungo.

Tulipokua, yeye aliitwa timu ya taifa ya Kenya, mimi nikaitwa ya Uganda. Tulipopangiwa kukutana, nilimpigia simu mama mdogo.

“Utashangilia nani?”

“Nitashangilia refa,” akasema. “Yeye peke yake hana mama pale.”

Mechi ilichezwa kwetu. Mama mdogo alivuka mpaka mapema, akaja na mama, wakakaa bega kwa bega katikati ya watu waliokuwa wakiipigia Uganda ngoma.

Kocha alinipa kazi ninayoijua: nimfuate namba nane wao popote aendapo. Kipindi cha kwanza dada alipokea mpira mgongo ukiwa kwangu, akatulia. Nilikuwa nimeshafika kushoto kabla hajageuka. Nikaunyakua, nikampelekea mshambuliaji wetu, akafunga. Wenzangu walinirukia. Dada alipita karibu, akaniambia kwa Kisamia, lugha ya mama zetu, taratibu, ili wengine wasielewe, “Umenikumbuka, kumbe.”

Kipindi cha pili akapokea vilevile. Akatulia vilevile. Nikaenda kushoto, yeye akageukia kulia. Sikuwahi kumwona akigeukia kulia maisha yangu yote. Nilisimama pale, nikamwona akiingia kwenye boksi na kufunga, na nisiwaongopee, kitu fulani ndani yangu kilifurahi.

Ikaisha sare. Mama zetu walitungoja kwenye uzio. Mama mdogo alituinamisha mmoja mmoja, akatufuta majasho kwa leso yake.

Baada ya hapo nilicheza miaka mingi, katika viwanja vya nchi ambazo zamani nilizisikia redioni tu, nikakaba wachezaji wakubwa kuliko yeye. Sizikumbuki nyuso zao. Goti liliponichosha nikarudi, na sasa nafundisha wasichana mpira Nagongera. Dada aliolewa Eldoret. Kiwanja cha kanisa kimejengwa maduka.

Krismasi iliyopita alikuja na binti yake. Tulikaa uani tukichambua mboga. Mtoto akauliza ni nani kati yetu alikuwa hodari zaidi.

“Mama yako,” nikasema.

“Usimdanganye,” dada akajibu, bila kuinua macho kutoka kwenye mboga. “Ule mgeuko wa kulia niliufanyia mazoezi mwaka mzima, kwa sababu nilijua nitakukuta wewe.”

Sikuwa nimelijua hilo. Niliendelea kuchambua.