Paka Aliyemwagiwa Maji Moto

Karambu, bibi ya shemeji yangu, alimwagia paka wangu maji moto akisema paka wa msitu analeta mkosi. Hilo sikumsamehe. Msimu wote wa mvua nilikuwa nimemzoesha huyo paka na maziwa kwa stoo ya viazi, nikikaa nimempa mgongo, maana paka wa msitu ukimwangalia macho anatoroka. Alipona, akazaa, na watoto wake pia wakazaa kwangu.

Miaka ikapita. Panya wakaingia stoo ya Karambu, wakatafuna mbegu ya viazi, na mvua ilikuwa karibu. Jumapili akaja na gunia ya kubebea paka, ndio paka asione njia ya kurudi kwangu.

"Mama Riungu, nisaidie na mmoja tu."

"Kwani umeanza kupenda mkosi?"

"Hayo ni ya zamani."

"Kwako. Na maji moto?"

Akaangalia chini. "Nilikosea."

"Sema wakusikie."

Wamama wa kanisa walikuwa wanapita kwa barabara. "Nilikosea, Mama Riungu!"

"Haya, kaa chini umpe paka mgongo. Akikuja, ni wako."

Karambu akakaa kwa vumbi na nguo yake ya kanisa, akangoja paka.