Picha ya Ukoo Iliyogawiwa Kama Nyama

Juzi nilishuka Moshi mjini kufuata dawa ya ng'ombe, nikapita mbele ya duka moja la picha karibu na soko. Dirishani wamepanga vikombe vyenye sura za watu, fulana zenye sura za watu, na katikati, ndani ya boksi linalong'aa, picha ya familia iliyokatwa vipande vidogo vidogo ili mwenye nayo akae nyumbani aiunganishe upya. Kijana wa dukani akaniamkia vizuri, akaniambia nilete picha yoyote ya nyumbani, wataikata vipande mia mbili kwa siku moja tu. Nilimcheka mpaka akaona haya. Nikamwambia kwetu tulishakatiwa zamani, kabla yeye hajazaliwa, na tangu siku hiyo sijaona upumbavu mwingine uliopandishwa ndege.

Wewe unanijua, rafiki yangu, sina subira na watu wa kujionyesha. Ugonjwa huo niliupatia Kibosho, kwa bibi mzaa mama, aliyenilea tangu nina miaka miwili. Mama alifariki nikiwa na umri huo, na simkumbuki hata kidogo, wala sauti wala harufu. Nilichokuwa nacho ni picha moja ukutani, juu ya kabati la vyombo. Ilipigwa siku ya kipaimara cha mjomba mdogo, mimi sijazaliwa bado. Mpiga picha alipanda kutoka mjini, ukoo mzima ukajipanga mbele ya migomba. Mama amesimama kando ya kaka yake mkubwa, na huyo kaka amemzungushia mkono begani hivi kwamba koti lake karibu limguse shavu. Picha nyingine ya mama haikuwepo.

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kukata majani ya ng'ombe, nilipanda juu ya kigoda nikamwangalia. Jikoni mtori wa ndizi unachemka, kahawa imeanikwa uani, moshi wa kuni unaingia mpaka sebuleni, nami nimeng'ang'ania kabati. Bibi alijua na hakunikataza. Alikuwa akisema mtoto lazima ajue aliyemleta duniani alikuwa na pua ya namna gani.

Sasa nikuambie habari za huyo kaka mkubwa, mjomba wangu. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, kila mwenye ujanja kidogo ameiacha kahawa ya baba yake na kukimbilia mjini. Mjomba akafungua duka la spea za magari Dar es Salaam, akawa anakwenda mpaka Ujerumani kufuata mzigo. Wahenga walisema maskini akipata, matako hulia mbwata. Ya mjomba tuliyasikia tangu kule barabara kuu. Kila Krismasi, watu wa kwetu wote wa mijini wanapopanda nyumbani, yeye alihakikisha anafika wa mwisho ili wote tumtazame akishuka kwenye gari. Alivaa koti la sufu kwenye jua la Desemba. Alilalamikia barabara kama vile yeye hakuwahi kuipita miguu mitupu akienda shule.

Krismasi moja aliitazama ile picha, akatingisha kichwa, akasema ni aibu ukoo wetu kukaa kwenye moshi namna ile. Ataipeleka Ujerumani, huko watu wanajua kutunza kumbukumbu. Bibi akaishusha mwenyewe, akaifunga ndani ya kanga mpya, akampa. Mwaka mzima nilipanda kigoda kuangalia ukuta, mahali palipokuwa peupe kuliko kwingine.

Krismasi iliyofuata mjomba alirudi na boksi. Kwetu, kitu cha safari hakifunguliwi na aliyekileta. Kinawekwa kwanza mikononi mwa mzee, na mzee wetu alikuwa mdogo wake marehemu babu, ambaye ndiye aliyekuwa mgawaji wa nyama wa ukoo. Mbuzi akichinjwa, yeye ndiye anayejua kidari ni cha nani, mgongo ni wa nani, shingo inakwenda wapi, na hakuna mtu duniani aliyemjibu. Akafungua boksi, akatia mkono, akatoa vipande vya rangi vilivyokatwa vyenye masikio na mashimo. Akauliza hiki ni nini. Mjomba akaeleza kwa fahari kwamba ndio sisi hao, Wazungu wametukata kwa mashine, sasa tukae pamoja tujiunganishe.

Basi watu wazima wenye akili zao, wengine makatekista, wakainamia meza ya bibi tangu baada ya chakula mpaka pombe ya mbege ikaisha. Walibishana sikio hili la nani. Shangazi mmoja wa bibi alitafuta kilemba chake kwa saa nzima. Nilisimama nyuma yao kwenye mlio wa vicheko na harufu ya ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, nikingoja uso mmoja tu. Ulipotokea, ulikuwa vipande viwili. Nikamuuliza mjomba ile picha yenyewe iko wapi. Akasema wenye duka waliibakiza kule, ya nini tena wakati hii mpya ipo.

Ilipokamilika, vita vikaanza. Mjomba akasema itakwenda Dar, maana ndiye aliyeileta. Mjomba mdogo akasema haitoki hapa. Wake zao wakaingilia, na siku ya kuzaliwa Bwana ikaanza kunuka ugomvi. Hapo mzee mgawaji akagonga meza kwa mpini wa kisu chake.

"Kilichoingia uani kimekatwa, hakiwi cha mtu mmoja," alisema. "Kinagawiwa."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania, na hakuna aliyecheka. Ndivyo walivyokuwa watu wetu, jambo likishapewa utaratibu wanaacha kuliuliza kama lina akili. Wakapanga mstari kwa ukubwa, kila mtu akapewa sura yake na kipande cha mgomba. Lakini ile mashine ya Ujerumani haikujua kwamba mama ana mwili wake na mjomba ana wake. Vile vipande viwili vya uso wa mama vilikuwa na mkono wa koti la mjomba. Bibi akaviomba, akasema vile ni vya mwanangu aliyelala pale mgombani. Mzee akafikiri, akasema mkono ni wa mwenye mkono, na mwenye mkono ndiye mkubwa. Bibi akanyamaza, kwa sababu mgawaji hajibiwi. Nilimpenda bibi kuliko mtu yeyote, lakini kimya kile sijawahi kukisamehe.

Nikajipenyeza mimi. Nilikuwa na miaka tisa. Nikamshika mjomba mkono, nikamwambia naomba mama.

"Wewe hukuwepo kwenye picha," alinijibu, akavitia vile vipande kwenye mfuko wa koti na kuendelea kunywa.

Makubaliano yalikuwa kila Krismasi kila mtu aje na vyake tuunganishe. Mawazo mazuri kweli, ya watu walioshiba. Mwaka uliofuata wawili walisahau. Mwaka wa pili mtoto wa mjomba mdogo alikuwa ametafuna shangazi wa bibi. Bibi peke yake ndiye aliyekuja mezani kila mwaka na vipande vyake ndani ya leso, akiwapanga kwenye kitambaa cha meza na kuwauliza wanawe, taratibu, vya dada yenu viko wapi. Mjomba alisema viko kwenye koti. Mwaka mwingine alisema koti lile alimpa mlinzi wake wa usiku. Aliyasema hayo anatafuna mfupa. Kwa hiyo uso wa mama yangu ulizunguka na mlinzi mahali fulani Dar es Salaam, kama haukutupwa siku ya kwanza koti lilipofuliwa. Bibi hakuuliza tena, na miaka miwili baadaye tulimzika.

Mzee mgawaji naye amekwenda, mjomba amekwenda na ufahari wake. Migomba ile imekatwa kupisha nyumba ya ghorofa ambayo watu hulala siku nne kwa mwaka. Ndafu siku hizi inaletwa na mpishi wa kukodi, kila mtu anajikatia anapotaka, na nikisema ukweli hilo sililii sana.

Mwaka jana binti wa mjomba, ambaye tangu azike baba yake amepatwa na kiherehere cha kumbukumbu, alizunguka nyumba kwa nyumba akakusanya vipande vilivyosalia. Fundi wa kompyuta akavibandika, akajaza matundu, migomba ikarudi. Tundu moja tu lilimshinda, pale kando ya bega la mjomba. Akanipigia simu. Akasema dada, wazee walikuwa wakisema wewe na mama yako mmefanana, tuma picha yako fundi ajazie.

Nilimtukana, kwa adabu. Kisha nikampigia mjomba mdogo, maana ndiye pekee aliyebaki aliyemwona mama kwa macho. Nikamuuliza pua yake ilikuwaje. Akasema alikuwa mweupe mweupe, na mwanya, halafu akasema hapana, mwenye mwanya alikuwa mwingine. Akaniomba radhi. Na mimi niliyempandia kigoda kila asubuhi, nilipofumba macho niliona koti tu.

Nikatoka uani. Nikamwambia binti yangu anipige picha, nikainamisha kichwa kidogo kushoto, kama mtu aliyeshikwa bega na kaka yake. Nikaituma.

Sasa inaning'inia sebuleni kwangu. Kila mtu pale ana umri aliokuwa nao siku ile ya kipaimara, isipokuwa mama, ambaye ana makunyanzi yangu na mvi zangu, ingawa alikufa na miaka ishirini na minne. Mwanangu wa mwisho aliitazama, akanyoosha kidole.

"Mama, huyu ni wewe."

Nikamwambia hapana, huyo ni mama yangu. Akanitazama jinsi mimi ninavyowatazama wajinga.